Dakika Moja, Saa Nne Asubuhi

Mimi ndiye karani wa king'ora.
Si cheo kikubwa. Kwenye orodha ya mishahara ya Uiseong
nimo kati ya mhasibu msaidizi na mtu wa mifereji.
Lakini tarehe sita Juni, saa nne kamili asubuhi,
kidole changu ndicho kinachosimamisha watu.

Nabonyeza. Sauti inapanda
kama mtu anayevuta pumzi asiitoe.
Dirishani naona:
basi la Daegu limeganda katikati ya makutano,
kinyozi ameacha mkasi hewani,
mwanafunzi ameficha peremende shavuni, hatafuni,
na bendera, nusu mlingoti, haina upepo wa kusingizia.
Sekunde sitini. Nazihesabu kwa midomo.
Naachia, na mji unarudi kwenye bei ya vitunguu saumu.

Miaka kumi na tisa nilidhani nchi nzima husimama.

Mwaka huu wameniletea kijana wa kujifunza kazi.
Nikamwachia kitufe, nikachukua baiskeli
kumpelekea Bibi Pyo Gap-sun barua yake.
Naijua barua hiyo. Huja na maneno yale yale:
mifupa iliyopatikana bado hailingani na mate yako.
Maana walimjia askari wawili wenye glavu,
wakamwambia afungue kinywa,
wakasugua pamba ndani ya shavu,
wamtafute kaka milimani kwa mate ya dada.
"Mngekuja nikiwa na meno," aliwaambia.

Nilimkuta shambani, aking'oa saumu.
Kabla sijamwamkia, king'ora.
Nikashuka, nikavua kofia, nikaiweka kifuani,
nikasimama wima
jinsi nilivyozoea kuwasimamisha wengine.
Bibi akatupa kijembe, akaanguka.

Nilidhani ni moyo.
Hapana. Amelala kifudifudi mtaroni, kati ya matuta mawili,
magoti yamekunjwa, viganja vimeziba masikio,
mwepesi, mtu wa miaka themanini na mitatu,
kama aliyefanya zoezi hilo jana.

"Lala, we mjinga! Utaonekana!"

Sikulala. Kusimama nako sikusimama.
Goti moja lilikunjika lenyewe, la pili likakataa,
nikabaki hapo, kofia kifuani,
nusu mlingoti.
Na yule kijana, mgeni wa kazi, akapitiliza.
Sekunde sabini. Themanini.
Mbwa wa jirani akaanza kuitikia.

Alinieleza akiwa bado chini, mdomo karibu na udongo.
Kaka yake Man-sik alikuwa na miaka kumi na minane.
Siku lori lilipomchukua hapakuwa na muda wa kuagana,
king'ora kilikuwa kinalia.
Alimwambia hivi tu: ukisikia hiki, jitupe mtaroni,
usiinuke mpaka nije nikuinue.
Yeye hakuja.
King'ora hakijakosa hata mwaka mmoja.

"Najua ni cha kumkumbuka," alisema.
"Mkuu wa wilaya alinieleza mwenyewe, tena kwa kipaza sauti.
Mimi nimeelewa. Masikio ndiyo hayajaelewa."

Kisha: "Kimeisha?"
"Kimeisha."
"Una hakika?"
Na mimi, karani wa king'ora,
niliangalia angani kwanza.

Nikampa mkono. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia,
akajishika begani kwangu, akajipangusa,
akalaumu mche mmoja alioulalia.
Barua aliitia mfukoni mwa aproni bila kuifungua.
"Hii ni ya usiku," alisema,
akanibebesha fungu la saumu lenye udongo wake.

Mchana mkuu aliuliza nani ameleta harufu ofisini.
Nikainamia kitabu cha taarifa:
Saa nne kamili, king'ora kimelia. Wananchi wote wamesimama.
Nikalisoma neno wote.
Nikalikata kwa mstari mmoja,
bila rula,
suruali yangu ikiwa na udongo kwenye goti moja.